Mtoto Akishaonekana Amepona



Juma hili naomba tuyaache kidogo masomo ya Dominika, tuingie katika historia. Historia yenyewe haikuanzia Roma wala Yerusalemu. Ilianzia ng'ambo ya Ziwa letu, katika miji ya Kampala na Jinja, na ikapita katika nchi yetu mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Ni historia ya ugonjwa mmoja wa watoto, ambao huenda baadhi yenu mmeuona kwa macho bila kulijua jina lake. Meno ya mtoto huanza kulegea, taya huvimba upande mmoja, na baada ya majuma machache uso mzima hubadilika. Wengine huvimba tumbo. Madaktari wanauita saratani ya Burkitt.

Nimeichagua historia hii kwa sababu inagusa swali ambalo wazazi hutuletea sisi mapadre, tena mara nyingi huja nalo baada ya Misa, wakiwa wamesimama pembeni wakingoja watu wapungue. Swali si la siku ile mtoto alipougua, kwa maana siku hiyo kila mzazi anajua la kufanya: anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Swali linakuja baadaye, mtoto akiwa amepata sindano ya kwanza, uvimbe umenywea, anakula, anacheza na wenzake uwanjani. Tumesali, Mungu amejibu; je, kumrudisha hospitali si kuwa na mashaka juu ya kazi ya Mungu?

Swali hilo si la kipumbavu, wala halitoki kwa watu wasio na imani. Linastahili jibu lenye ushahidi.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 5. Taya zake zote, juu na chini, kushoto na kulia, zilikuwa zimevimba. Burkitt alikuwa Mprotestanti wa Ireland, aliyezaliwa Enniskillen mwaka 1911, mtu wa sala na wa Biblia, ambaye alipoteza jicho moja utotoni na bado akawa mpasuaji. (Trowell naye, aliporudi Uingereza, alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Kianglikana. Nayataja haya kwa wale wanaodhani kwamba sayansi na madhabahu havikai nyumba moja.) Burkitt hakuelewa alichokuwa anakiona. Usaha wa jino hauvimbishi pande nne kwa wakati mmoja, na saratani alizozijua yeye hazikuwa na tabia hiyo.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja akipita wodini. Alipotupa jicho dirishani, alimwona mama ameketi kwenye majani pamoja na mtoto wake, na uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba vile vile. Alitoka nje akampima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Baadaye aliandika kwamba jambo likitokea mara moja unaweza kulipita, lakini watoto wawili wenye sura ile walimlazimisha aende kutafuta katika mafaili. Akakuta kwamba wapo wengi. Hata katika kumbukumbu za hospitali ya misioni ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ugonjwa huo ulikuwa umeandikwa na kuchorwa miaka mingi kabla yake, ila hakuna aliyeviunganisha vipande.

Mimi humfikiria sana yule mama wa Jinja. Vitabu vya udaktari havisemi dini yake wala kijiji chake. Vinasema tu kwamba alikuwa ameketi nje na mtoto wake. Lakini alikuwa amefika. Kama angebaki nyumbani akingoja, daktari angechungulia dirishani akaona majani matupu.

Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za ugonjwa huo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kisha akataka kujua unapatikana wapi. Alipeleka picha na maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, nyingi kati ya hizo zikiwa za misioni, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, kwa kuwa huko vijijini ndizo zilizokuwapo. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva katika West Nile na Cliff Nelson, walianza safari ya majuma 10 kwa gari kuukuu walilolinunua kwa pauni 250. Walisafiri maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika wakishuka kusini, wakiuliza swali moja kila hospitali: mmeona mtoto wa namna hii?

Majibu yalichora ramani. Katika nyanda za juu zenye baridi ugonjwa huo haukuonekana. Katika nchi za joto na mvua za kutosha ulionekana. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Leo tunajua sababu mbili zinashirikiana. Ya kwanza ni kirusi ambacho Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikigundua London mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr, na karibu watoto wote wa Afrika hukipata wakiwa wadogo bila kudhurika. Ya pili ni malaria ya mara kwa mara, ambayo huichosha kinga ya mtoto na kuzichochea chembe za damu zilizobeba kirusi hicho hadi moja kati ya hizo inapoasi. Ukanda wetu wa Ziwa umo ndani ya ramani hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Mhunze anapovimba taya, hakuna jirani aliyemtupia kitu, hakuna bibi aliyekanyaga kaburi, wala hakuna dhambi ya baba inayodaiwa. Yohane sura ya 9 tayari ilikwisha kulifunga hilo la dhambi ya wazazi, ingawa tunalifungua tena kila msiba unapotufika.

Hapo mwanzo hakukuwa na dawa. Afrika Mashariki nzima haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kitu, maana uvimbe huu unakua upesi kuliko saratani nyingine yoyote ya binadamu: unaweza kuongezeka mara mbili kwa saa 24 hadi 48. Wazazi walimzika mtoto ndani ya miezi michache tangu jino la kwanza lilipolegea. Kuanzia mwaka 1960, kwa ushauri wa madaktari wa Sloan-Kettering ya New York, Burkitt akaanza kujaribu dawa mpya za saratani. Methotrexate ndiyo iliyotangulia, kisha cyclophosphamide na vincristine. Na hapo likatokea jambo ambalo hata madaktari walilieleza kwa mshangao. Uvimbe ulioziba jicho la mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache baada ya sindano moja.

Niseme neno dogo juu ya vincristine. Dawa hiyo hutokana na mmea wa asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, ambao tunaupanda kama pambo hata kwenye viwanja vya makanisa yetu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anasema kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini na kwamba mwenye busara hazidharau. Lakini tafadhali, asitokee mtu wa kuchemsha maua hayo na kumnywesha mtoto. Kilichomo ndani yake ni sumu kali. Hospitali inatumia kiasi kidogo sana, kilichosafishwa na kupimwa kwa uzito wa mtoto.

Sasa tumefika mahali ambapo historia inatugusa.

Dawa za Burkitt zilikuwa chache, nyingine zikitolewa na makampuni kwa majaribio. Wodi zilikuwa zimejaa. Na wazazi, walipoona uso wa mtoto umerudi kuwa uso wa mtoto wao, waliondoka. Walikuwa na mashamba, walikuwa na watoto wengine nyumbani, na nauli ya kurudi haikuwapo. Wengi hawakuonekana tena. Lakini Burkitt alikuwa na tabia ya kufuatilia. Aliandika barua, akatuma watu, akauliza kila alikopita. Mwaka 1967 akatoa taarifa katika jarida la saratani, na kichwa chake kilihusu watoto waliopata nafuu ya muda mrefu baada ya dozi moja au mbili tu. Yaani wapo watoto waliochomwa sindano moja, wakarudishwa kijijini, na baada ya miaka wakakutwa wazima wakichunga mbuzi.

Ningeweza kulificha jambo hilo ili hoja yangu iwe rahisi. Silifichi, kwa kuwa wazazi wengi wamekwisha kusikia habari za mtoto wa namna hiyo, na Padre akikana lililo kweli hatasikilizwa katika mengine. Ni kweli, walikuwapo. Burkitt mwenyewe alifikiri kwamba mwili wa mtoto, ukishapunguziwa mzigo na dawa, wakati mwingine humalizia vita wenyewe.

Lakini mwaka ule ule wa 1967 ilianzishwa Kampala taasisi maalumu ya ugonjwa huu, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, ikiongozwa mwanzoni na daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler. Wao waliwaandika watoto wote, waliorudi na wasiorudi, na waliwatafuta hadi vijijini. Wakaona kile ambacho masimulizi hayakionyeshi. Katika watoto wengi uvimbe hurejea, na unaporejea mara nyingi hauji tena kwenye taya ambako mama angeuona. Unaingia katika maji ya uti wa mgongo na kwenye ubongo. Mtoto anacheza Jumapili, na majuma machache baadaye jicho halifumbi au miguu haina nguvu. Kwa sababu hiyo matibabu ya leo hayaishii kwenye sindano moja, bali hurudiwa kwa awamu kadhaa zilizopangwa kwa tarehe, pamoja na dawa inayoingizwa kwenye uti wa mgongo, hata kama macho hayaoni uvimbe wowote.

Tazameni basi tofauti ya vitabu viwili. Kitabu cha kijiji kinaandika waliopona tu. Mtoto aliyepona baada ya sindano moja anaonekana kila siku kisimani, na kila mgeni anasimuliwa habari zake. Mtoto aliyerudishwa nyumbani na kufa hasimuliwi. Kaburi lake liko nyuma ya boma, na mama yake hapendi kuulizwa. Hakuna anayedanganya hapo, ila hesabu imekatwa nusu.

Nchi yetu iliona jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye sote tulimjua kwa jina la Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kijijini Samunge, akisema alioteshwa na Mungu. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko, watoto wakiwamo, na baadhi walifia njiani au kwenye foleni. Mzee huyo alifariki Julai 2021; namwombea raha ya milele, na simhukumu nia yake. Ninachokumbuka ni kwamba katika miezi ile kila mmoja wetu alikuwa na shuhuda wa kumtaja, na karibu kila shuhuda alikuwa amekunywa kikombe juma lililopita. Nani alirudi kumuuliza baada ya mwaka?

Kanisa limekuwa na tahadhari juu ya jambo hili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Tarehe 14 Septemba 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani, iliyokuwa chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa Maelekezo kuhusu sala za kumwomba Mungu uponyaji. Yanakubali waziwazi kwamba ni haki na ni vema kuomba kupona. Yanasema pia kwamba sala hiyo haiondoi matumizi ya njia za kawaida za tiba. Badala yake inahimiza zitumike. Na kuna kipengele ambacho vikundi vyetu vya sala havipendi kukisoma. Pakitokea uponyaji, ushuhuda ukusanywe kwa utulivu na kwa usahihi, upelekwe kwa mamlaka ya Kanisa, na ibada isigeuzwe kuwa tamasha. Kwa usahihi! Ndicho alichofanya Burkitt kwa kalamu na barua zake, pasipo kujua kwamba siku moja Roma ingedai kitu cha jamii hiyo hiyo kwa wanaotoa ushuhuda.

Angalieni Lurdi. Julai 1858, miezi michache baada ya matokeo ya kwanza, mama mmoja wa huko alimzamisha katika maji baridi ya chemchemi mtoto wake Justin Bouhort, mwenye umri wa miaka 2, aliyekuwa amekata tamaa naye. Mtoto akaishi. Askofu hakupiga kengele siku hiyo. Aliunda tume, madaktari wakauliza, na ilipofika mwaka 1862 ndipo uponyaji huo ukatambuliwa pamoja na mwingine michache. Justin alikuwa bado hai mwaka 1933, akahudhuria Roma Bernadeta alipotangazwa mtakatifu. Na katika kanuni ambazo Kanisa huzitumia hadi leo, zilizoandikwa na Prospero Lambertini kabla hajawa Papa Benedikto XIV, uponyaji uliowezekana kuletwa na dawa hauhesabiwi muujiza. Hiyo haina maana kwamba Mungu hakuhusika. Maana yake ni kwamba Kanisa halihitaji kuvaa vazi la muujiza kila mara linapomshukuru Mungu. Mtoto aliyepona kwa sindano sita amepona kwa neema, na Misa ya shukrani inaruhusiwa kabisa, tena ngoma zipigwe.

Narudi kwetu. Katika Kanda ya Ziwa hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, kule mlimani Mwanza. Ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarejeshwa mikononi mwa Baraza la Maaskofu ili iendeshwe kwa ushirikiano na Serikali. Inahudumia watoto wenye saratani, na saratani ya Burkitt ni mojawapo ya zile wanazozipokea. Hospitali yetu ya wilaya hapa Mhunze haiwezi kuitibu saratani hiyo, lakini inaweza kufanya lililo kubwa: kuitambua na kuandika rufaa mapema. Mzazi anayeona meno ya mtoto yanalegea kabla ya umri wake na taya linajaa asikimbilie kuyang'oa. Wapo waliong'oa meno kwa mafundi wa mitaani, wakaenda kwa waganga, ambao kwa Kisukuma tunawaita bafumu, wakamaliza mwezi mzima. Kwa uvimbe unaojirudufu kwa siku mbili, hebu hesabuni wenyewe mwezi mmoja ni nini.

Na kutoka hapa hadi Mwanza si jambo la kuchukulia kwa wepesi. Unatoka Mhunze kwa barabara ya Kolandoto, unaingia barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, na ukifika bado hujalala wala hujala. Mama anaondoka na mtoto mgonjwa. Wadogo zake wanabaki kwa shangazi. Baba mara nyingi hayupo. Yuko Geita, Nyarugusu au Mgusu kwenye machimbo, akingoja mawe yatoe, na simu yake inapatikana akipanda juu ya duara. Mwaka ambao pamba imekauka na dengu halikuuzika, nauli ya awamu ya tatu ni ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo huenda ni wa mahari ya kaka. Sera ya Taifa inasamehe gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5, lakini haimlipii mama basi, wala uji, wala shamba lililobaki bila palizi.

Ndiyo maana nasita kusema kwamba wazazi wanaoacha matibabu wana imani haba. Mara nyingi wana imani ya kutosha na fedha isiyotosha, na lugha ya imani inakuwa nguo ya kuifunika fedha. Ni heshima zaidi kwa baba kusema Mungu amemponya mwanangu kuliko kusema sina nauli. Tukilijua hilo, jumuiya ndogo ndogo haitamhubiria mama huyo habari za Abrahamu na Isaka. Itamuuliza tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Wale wanne wa Injili ya Marko sura ya 2, waliombeba mgonjwa hadi juu ya paa, hatuambiwi walisali sala gani. Tunaambiwa walibeba. Nawasihi viongozi wa jumuiya na WAWATA: mkiwa na mtoto wa namna hiyo katika eneo lenu, andikeni tarehe zake zote tangu mwanzo hadi mwisho, gaweni nauli kwa zamu, na mmoja wenu awe na jukumu la kwenda kumgongea mama mlango siku moja kabla. Mtoto atanyonyoka nywele, atatoka vidonda kinywani, huenda akahitaji damu. Majirani watasema hospitali inamuua. Hapo ndipo mama anahitaji mtu wa Kanisa aketi naye. Na mwanamume mwenye afya ajitolee damu.

Wazazi huuliza pia juu ya sakramenti, nami nijibu kwa uwazi. Mpako wa Wagonjwa, kwa kanuni ya 1004, hutolewa kwa mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili. Kwa hiyo Padre asipompaka mtoto wa miaka 3, hajamnyima kitu wala hajamwona kama mkosefu. Anambariki na kumwekea mikono. Mtoto mwenye umri wa kuelewa kwamba Yesu anamtia nguvu apakwe, asingoje. Asiyebatizwa, akiwa katika hatari, anaweza kubatizwa na mtu yeyote mwenye nia ya kutenda atendavyo Kanisa, muuguzi au bibi, kwa maji na kwa maneno yale tunayoyajua. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtoto aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumpa Kipaimara, hata kama ni mchanga. Hakuna sakramenti hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya awamu inayofuata ya dawa. Mtoto abatizwe asubuhi na basi lisikoswe.

Kumbukeni na Yairo. Alimwomba Bwana aje upesi, na njiani Bwana akasimama kwa ajili ya mama mwingine, aliyekuwa ameteketeza mali yake yote kwa waganga wa miaka 12. Kwa baba mwenye mtoto mahututi, kusimama huko kulikuwa kama kisu. Na binti alipokwisha kufufuka, amri iliyofuata ilikuwa apewe chakula. Aliyemtoa mautini hakuona aibu kumwachia mama kazi ya jikoni.

Limebaki lile gumu. Wapo watoto waliopelekwa mapema, wakamaliza awamu zote, jumuiya ikasali na kuchanga, na wakafa. Hata katika nchi tajiri, ambako karibu watoto wote wenye ugonjwa huu hupona, wapo wanaokufa. Kwetu wanakufa wengi zaidi, kwa kuchelewa, kwa utapiamlo, kwa malaria inayomkuta mtoto damu yake ikiwa imeshuka. Kwa wazazi hao watu huja na maneno. Mlikosea kufunga. Hamkumtolea Mungu sadaka ya kutosha. Mlimwamini daktari kuliko Mungu. Naomba maneno hayo yasisemwe katika nyumba yoyote ya parokia hii. Na atakayeyasikia kwa kiongozi wa kikundi cha sala aniletee habari.

Kanisa lenyewe linasema nini mbele ya jeneza dogo namna hiyo? Fungueni kitabu cha ibada. Mazishi ya mtoto mdogo aliyebatizwa yana sala zake, na Padre huruhusiwa kuvaa mavazi meupe. Hatumwombei mtoto huyo msamaha wa dhambi, kwa kuwa hana dhambi ya kusamehewa. Tunaamini yuko kwa Mungu. Sala za ibada hiyo, ukizisoma kwa utulivu kutoka mwanzo hadi mwisho, karibu zote zinawaombea baba na mama waliosimama pale mbele.